Kiti cha Mama yake Tusekile

Sogeeni. Leo sina hadithi ya kubembelezea usingizi. Nina hadithi ambayo kila nikiisimulia chai yangu hupoa kwa hasira. Mwishoni nitawauliza swali, na msinijibu kwa kutazama miguu yenu.

Kulikuwa na mwigizaji huko Tukuyu, jina lake Tusekile. Aliigiza filamu za kanisa, zile zinazoonyeshwa ukumbini baada ya ibada na kuuzwa kwenye mikutano ya injili. Kila filamu ya namna hiyo inahitaji mtu mbaya, na mtu mbaya alikuwa yeye. Alikuwa Yezebeli, alikuwa Delila, alikuwa mama wa kambo anayetia sumu kwenye uji. Aliijua kazi yake hadi muuza ndizi sokoni akawa anamwekea chenji mezani ili wasigusane mikono. Tusekile alicheka tu. "Wakinichukia," alisema, "ujue nimeigiza vizuri." Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na shangazi aliyemlea naye alikwisha kumfuata kaburini, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumtetea.

Alifanya kazi na wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Subilaga alikuwa fundi wa nyuso. Kwa unga, majivu na mafuta ya nazi angekuzeesha kabla chai haijachemka. Wasichana wa kanisa wote walipambwa naye siku za harusi zao.

Tumpe aliongoza filamu na kushika kamera mwenyewe. Jicho lake halikupitwa na kitu, na alikuwa na tabia moja: hakuzima kamera mapema. Watu walimcheka kwamba anamaliza betri kwa kurekodi watu wakifuta jasho.

Mama Anyisile alikuwa kiongozi wa kina mama wa maombi. Hakuwa na kamera wala poda. Alikuwa na neno lake. Akisema "nimeona," basi kanisa zima limeona.

Na alikuwepo Mchungaji Ezra, ambaye kwenye filamu aliigiza mchungaji. Hapo ndipo penye kisa.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mchawi anayeombewa mpaka anaokoka. Tumpe alitaka wafanye mazoezi. Mchungaji akakataa. "Maombi hayafanyiwi mazoezi, binti yangu," alisema. Tena waliomzunguka Tusekile siku ile hawakuwa waigizaji. Walikuwa kina mama wa maombi wenyewe, na hakuna aliyewaeleza pale wanafanya nini.

Wakaanza. Tusekile akaanguka kama alivyotakiwa, akatoa povu kama alivyotakiwa. Mchungaji akakemea. Tumpe akasema, "Kata." Mchungaji akazidi kukemea. Tumpe akasema tena, "Kata, baba mchungaji." Kina mama walikuwa wameshaanza kulia na kunena kwa lugha, hakuna aliyemsikia.

Tusekile akafungua macho. "Mchungaji, tumeshamaliza," alisema.

"Mnasikia?" Mchungaji akawageukia kina mama. "Pepo anasema tumeshamaliza. Hatujamaliza."

"Bega langu linauma. Niachieni."

"Anaomba aachiwe. Mshikeni."

Wakamshika. Walimshika mpaka akanyamaza kwa kuchoka, na walipoona amenyamaza wakaimba wimbo wa ushindi.

Jumapili Mchungaji Ezra alitangaza madhabahuni kwamba mwigizaji wetu amefunguliwa pepo wa kweli, mbele ya kamera. Sidhani kama alidanganya. Aliamini, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mwongo unaweza kumwaibisha, lakini mtu aliyekwisha kujiaminisha utamfanya nini?

Filamu ikajaza ukumbi, watu wakaja kumtazama mwenye pepo. Tangu hapo Tusekile akikana, pepo amekana. Akinyamaza, pepo amejificha. Akikasirika, watu wanakonyezana.

Wakati huo alikuwa amechumbiwa na Gwamaka, fundi redio. Mama Gwamaka akatuma ujumbe: mwanawe hataoa pepo. Harusi itakuwepo tu iwapo binti atasimama kanisani, saa ya shuhuda, akiri kwamba alipagawa na sasa amefunguliwa. Na Gwamaka? Gwamaka alimwambia, "Sema tu, mpenzi, yaishe." Yaishe! Mtu anaombwa ajipake matope mbele ya watu, halafu anaambiwa yaishe. Ningekuwa na mwiko karibu ningemrushia.

Jumapili ikafika. Tusekile akapewa kipaza sauti. Mbele yake walikaa watu waliomjua tangu akiimba kwaya ya watoto. Akiwaambia uongo, anaolewa. Akiwaambia kweli, anabaki peke yake na jina baya.

"Sikuwa na pepo," alisema. "Nilikuwa kazini."

Kanisa likaguna. Mchungaji Ezra akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kofi. "Bado yumo," alisema. Kina mama wakaanza kusogea mbele kumshika tena.

Ndipo Subilaga alipoinuka. Akafungua mkoba, akatoa bekingi pauda na kipande cha ndimu, akatia vyote mdomoni, akawageukia. Povu likamtoka mpaka kidevuni, lile lile walilolililia ukumbini. Akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Hata lile niliweka mimi," alisema. "Haya, nani anakuja kunishika?" Waliokuwa wanasogea wakasimama. Tangu siku hiyo hakuna bibi harusi wa kanisa lile aliyekwenda tena kwake kupambwa.

Lakini mzee mmoja akasema povu si hoja, pepo anaweza kujificha hata nyuma ya povu la dukani.

Ndipo Tumpe alipokwenda kwenye mashine inayorusha maneno ya nyimbo ukutani. Akaonyesha rekodi nzima, si ile iliyopunguzwa kwa ajili ya filamu. Kanisa likamwona Tusekile anafungua macho. Likamsikia anasema tumeshamaliza, bega linauma, niachieni. Mchungaji akaagiza umeme uzimwe, Tumpe akasimama mbele ya swichi na hakusogea. Kanisa halikumpa tena filamu ya kuongoza.

Lakini sauti ikatoka nyuma kwamba hata mashine Shetani anazitumia, na wengi wakaitikia.

Ndipo Mama Anyisile alipoinuka, taratibu, kwa magoti yake mabovu. "Mkono wake wa kulia niliushika mimi," alisema. "Aliniambia, mama, unaniumiza. Haikuwa sauti ya pepo. Ilikuwa sauti ya mtoto niliyemfundisha kuimba. Nami nikabana zaidi, kwa sababu Mchungaji alikuwa ananitazama. Nilikuwepo, nimeona. Hapakuwa na pepo." Kanisa likanyamaza, maana hakuna aliyewahi kupinga neno lake. Kabla ya Jumapili nyingine alikuwa amevuliwa uongozi.

Mama Gwamaka alilia, akaja kuomba radhi, na posa ikafufuka. Tusekile akamkubali tena Gwamaka. Mimi nisingemkubali, lakini sikuulizwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ya kumuaga binti, kiti kimoja huwekwa kando yake, kiti cha mama. Upande wa mume huja na mkaja, kitenge cha kumshukuru mama kwa kumbeba na kumlea. Kiti ni kimoja, na mkaja haukatwi vipande. Mchungaji Ezra alimtuma mtu aseme kwamba yeye, kama baba wa kiroho, yuko tayari kukikalia. Tusekile akamwambia mjumbe, "Mwambie tumeshamaliza."

Wakabaki wale watatu, na Tusekile akawaambia waseme wenyewe nani akikalie.

"Mimi ndiye niliyezuia mikono yao," alisema Subilaga. "Ningechelewa kidogo, wangekuwa wameshakulaza chini."

"Ni kweli, dada," alijibu Tumpe. "Lakini watu walilisimulia povu lako siku zote hizo, nawe ukanyamaza usije ukapoteza mabibi harusi. Mimi mnaniona mdogo, lakini umama si umri. Bila rekodi yangu, neno la Tusekile lingebaki neno la mwenye pepo."

"Rekodi hiyo hiyo," alisema Mama Anyisile, "uliipunguza ukaitia kwenye filamu, kwa kuwa ilipendeza. Ulisikia anasema anaumia, ukayaondoa maneno yake. Mimi nilisema, na waliponisikia mimi ndipo waliponyamaza."

"Mama," alisema Subilaga, "bega linalomuuma mpaka leo ni la mkono upi?"

Mama Anyisile akaificha mikono yake mgongoni. Tusekile amesimama kando ya kiti, kitenge cha mkaja mkononi, bega la kulia limeinama kidogo. Wageni wanangoja. Wapishi wanauliza kama wali upakuliwe.

Je, wewe ungeamua vipi? Kiti ungempa aliyezuia mikono, aliyeonyesha kweli, au aliyeaminiwa? Asije mtu akaniambia wakae kwa zamu. Mama hawi mama kwa zamu. Na anayetaka kiti kiachwe kitupu kwa kuwa wote walimkosea, aende yeye akamwambie yatima huyo kwamba ataagwa na kiti kitupu.

Fikirini, nangoja. Ila kabla hujafungua mdomo kumchagulia Tusekile mama, nijibu hili kwanza: siku ile kanisa lilipoguna, wewe ulikuwa umekaa benchi gani, na ulisema nini?