Mize Komba na Mtungi wa Wakubwa

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa bado una desturi ya kulala mpaka jua lipate nguvu, palikuwa na chuo kikuu cha wanyama katikati ya minazi. Kaeni vizuri, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako. Chuo kile kilikuwa na ukumbi, mabweni na maktaba, na kilikuwa na lango kubwa lenye ubao. Ubaoni paliandikwa hivi:

"Yeyote wa chuo hiki, mkubwa kwa mdogo, asinywe pombe, asivute bangi, wala asile chochote cha kulevya. Atakayevunja amri hii atarudi kwao."

Amri yenyewe haikuwa mbaya, msije mkanielewa vibaya. Iliwekwa baada ya Swala mmoja, kijana mwenye mbio zake, kulewa akaona mto ni uwanja wa mpira. Akaingia kucheza. Chubwi! Mpaka leo mama yake akipita mtoni hugeuza uso.

Lakini chini ya amri ile, Bwana Nyati, mshauri wa wanafunzi, alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe kwa chokaa: "Dalili za mlevi: macho makubwa mekundu. Kusinzia darasani. Kuyumba. Kulia bila sababu."

Hapo ndipo balaa la Mize lilipoanzia.

Mize alikuwa komba, mdogo wa kuenea ndani ya kifuu cha nazi, na macho yake mawili yalichukua nusu nzima ya uso. Katika ukoo wao yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Mama yake alimbeba mgongoni mti kwa mti, na walipoagana langoni alimwambia, "Mwanangu, watu husema fulani amelewa kama komba. Nenda ukawape neno jingine la kusema."

Mize hakuwa amewahi kuonja hata tone. Tatizo lake lilikuwa moja tu: komba ni mnyama wa usiku, na chuo kilisomesha mchana.

Alikuja kusoma elimu ya nyota. Na elimu ya nyota, ajabu ya Mungu, ilifundishwa saa sita mchana! Mwalimu wake alikuwa Mkuu wa Chuo mwenyewe, Profesa Kiboko, na jioni Profesa alikuwa na shughuli zake. Basi alisimama juani, jasho likimtiririka, akionyesha kwa fimbo kwenye mbingu nyeupe isiyo na kitu.

"Pale pana Kilimia, kile kishada cha nyota," alisema. "Mnakiona?"

"Tunakiona, Profesa," wanafunzi wakadanganya kwa pamoja.

Mize peke yake ndiye aliyekitafuta kweli. Alikodoa macho mpaka yakawa mekundu. Joto likamzunguka taratibu, sauti ya Profesa ikaenda mbali, ikawa maji yanayopita, ikawa upepo kwenye makuti, na Mize akajiona anaelea juu ya minazi, mama yake upande huu, Kilimia upande huu, na hakuna aliyekuwa na haraka. Tii. Amelala.

"Simama!"

Bwana Nyati alikuwa amesimama nyuma yake. Mize akainuka nusu yake ikiwa bado iko juu ya minazi, akayumba. Na kwa kuwa alikuwa ametoka kumwota mama yake, chozi likamdondoka.

Nyati akamtazama toka juu hadi chini, ingawa hapakuwa na mbali pa kutazama. "Macho makubwa mekundu. Amesinzia. Anayumba. Analia. Zimetimia zote."

"Shikamoo, Bwana Nyati," alisema Mize. "Mimi sinywi."

"Marahaba. Komba asiyekunywa nimeanza kumsikia kwako. Kesi yako itasikilizwa na baraza siku ya mwezi mpevu. Anza kufunga mizigo."

Mize hakuwa na mizigo. Alikuwa na maneno ya mama yake tu, na hayo ndiyo yaliyomuuma. Kurudi nyumbani mti kwa mti, kila tawi likiuliza kulikoni! Aliona heri kuanguka.

Sasa niwaambie zile shughuli za jioni. Nyuma ya ukumbi, penye banda la makuti, palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka palikaa mtungi wa tembo la mnazi, ile pombe ya kugemwa. Hapo ndipo wakubwa walipokuwa wakikutana jua likipungua: Profesa Kiboko, Bwana Nyati, na Bibi Faru, mwalimu wa sheria, yaani baraza lenyewe. Naam, wanangu. "Mkubwa kwa mdogo" ilikuwa imeandikwa langoni, lakini wakubwa walipita pale wakitazama mbele.

Siku hiyo mtungi ulikuwa mkavu. Mzee Kima, mgema wao, alikuwa amekwenda ukweni kuozesha binti.

"Tutakaaje?" Bibi Faru aliuliza.

Kiboko akafikiri, tumbo likamsaidia kufikiri. "Huyu mtoto wa kesi si komba? Minazi anaijua. Na agemee baraza mpaka siku ya kuhukumiwa. Akirudi ananuka, kesi imejihukumu yenyewe."

Wakaona ni busara kubwa. Mtuhumiwa wa ulevi wakampa funguo za kilevi!

Basi Mize akawa mgema. Alfajiri, minazi ikiwa imezama ukunguni mpaka shingoni, alipanda. Kule juu palikuwa dunia nyingine. Alikata kidogo ncha ya shina la maua, tembo likaanza kudondoka kibuyuni, to, to, to, na nyuki waliokwisha kunywa walikuwa wakianguka mmoja mmoja kwa raha zao. Harufu ilikuwa tamu, na Mize alikuwa na kiu. Alifumba mdomo. Akalambalamba umande wa makuti, akashuka na kibuyu chake.

Jioni akamimina mtungini, akapanda kwenye boriti ya banda kungoja kutumwa. Wakubwa walikuwa na desturi yao: hakuna aliyegusa kata ya kunywea kabla ya kumsifu mgema.

"Mgema huyu ana mkono," alisema Kiboko.

"Tembo lake linashuka lenyewe," alisema Bibi Faru.

"Kwa mlevi, amejitahidi," alisema Nyati.

Wakanywa, gluu, gluu. Na Mize pale kwenye boriti akamkumbuka bibi yake, aliyependa kusema wajukuu wakianza kujiona: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mize akatabasamu peke yake. Wahenga wamesema, yeye ni nani wa kuwakatalia?

Kesho yake alitia mtungini kata moja ya maji ya mto.

"Leo limezidi," alisema Kiboko, akasifu mpaka mate yakamtoka.

Basi Mize akaongeza maji. Wakasifu zaidi, akaongeza zaidi. Ladha ilipotaka kumsaliti alitia dafu kwa utamu na ndimu kwa ukali, na mdomo wa mtungi akaupaka tembo la jana ili harufu iwalaki. Tembo lenyewe alilipeleka jikoni likageuka siki, na wanafunzi walisema kachumbari ya mwezi ule haijapata kutokea.

Mwishowe mtungi mzima ulikuwa maji. Na ajabu, wanangu, ni kwamba wakubwa walizidi kulewa! Kiboko alifumba macho akaimba wimbo wa mtoni, sauti nene inayotembea chini kwa chini, hata ndege wakanyamaza kumsikiliza. Bibi Faru alicheza peke yake, polepole, vumbi likimpanda miguuni kama moshi wa ubani. Nyati aliinamisha pembe akamlilia mama yake, aliyempoteza akiwa ndama, mwaka wa ukame.

Mize aliwatazama toka juu. Alikuja kuwacheka, akajikuta anawaonea huruma, na huruma ile ilimshangaza.

Siku ya mwezi mpevu ikafika. Alasiri chuo kizima kikakusanyika bandani. Kiboko akakaa katikati, Nyati kulia, Bibi Faru kushoto. Mtungi nao ukaletwa, maana koo lilikuwa kavu.

"Hii ni dawa ya sauti," Kiboko aliwaambia wanafunzi.

"Ndiyo, Profesa," wanafunzi wakajibu, wakitazamana.

Wakamsifu mgema, wakanywa. Kata ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Nyati akaanza kusoma mashtaka, na alipofika kwenye neno "kulia", akalia mwenyewe.

"Mtuhumiwa ana neno?" aliuliza Kiboko, akiyumba akiwa amekaa.

Mize akasimama juu ya kifuu ili aonekane. Sauti aliiweka chini. "Nina swali tu. Bibi Faru, wewe ni mwalimu wetu wa sheria. Aliye na dalili hizi za Bwana Nyati ni mlevi?"

"Akiwa nazo, ni mlevi, na anarudi kwao. Sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma," alisema Mize.

"Barabara."

"Basi naomba wanafunzi wanisaidie macho, mimi yangu yana kesi. Ni nani hapa ana macho mekundu? Nani anayumba? Nani analia?"

Wanafunzi wakageuza shingo kuwatazama wakubwa. Kisha kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, kikalijaza banda lote.

Kiboko akavimba. "Unatuita walevi?"

"Hasha, Mkuu. Ni dalili zinazowaita."

"Sikiliza wewe," Nyati akaingilia, machozi yakimtiririka, "sisi ni kweli tumekunywa tembo, tunakunywa kila jioni, lakini sisi..."

Akajiziba mdomo kwa kwato. Neno limekwisha kutoka, na neno si ndama ukalirudisha zizini. Bibi Faru akaweka kata chini taratibu. Alikuwa mnywaji, lakini sheria aliipenda kuliko kinywaji.

"Imeandikwa mkubwa kwa mdogo," alisema. "Basi na tufunge mizigo, sote watatu."

Mize angeweza kuishia hapo. Wengine wangeishia. Lakini aliona uso wa Nyati, akamkumbuka mama yake mwenyewe anayengoja nyumbani.

"Si leo, Bibi," alisema. "Leo hamjanywa." Akachota kata moja, akampa Digidigi wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa karibu. "Onja, usiogope."

Digidigi akaonja. Akaonja tena. "Maji," alisema. "Ya mto. Yana ndimu."

Bibi Faru akaichukua kata, akanywa kwa makini, mara hii kama mwalimu. Akaanza kucheka, na mwili wote ukacheka naye.

"Ama dalili hizi ni ushahidi, na wazee watatu wamelewa maji," alisema, "ama si ushahidi, na huyu mtoto hana kesi. Hakuna njia ya tatu. Bwana Nyati, ile orodha yako ya chokaa uliipata wapi? Kaifute."

Nyati alikwenda langoni akaifuta kwa mkia wake mwenyewe, mbele za watu. Amri ya juu ikabaki. Lakini wanafunzi walipotawanyika, Kiboko hakuondoka kwenye mkeka.

"Mwanangu," alimwita Mize. "Maji matupu haya, tangu lini?"

"Tangu mwezi ukiwa mwembamba kama ukucha, Mkuu. Mnisamehe."

"Na ule wimbo wangu? Ule wa juzi, ndege wakanyamaza?"

"Uliimba mwenyewe, Mkuu. Hapakuwa na mwingine ndani yako."

Kiboko akautazama mtungi. Miaka yote ile alikuwa akidhani wimbo unakaa mtungini! Nyati, aliyekuwa amerudi na mkia mweupe, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, kumlilia mama?"

"Unamkumbuka, Bwana Nyati. Ndiyo sababu yenyewe."

Tangu hapo wakubwa wakifika langoni walikuwa wakisimama na kuusoma ubao wote. Mzee Kima aliporudi kutoka ukweni alikuta vibuyu vyake vimehamia jikoni, akawa mgema wa siki, na aliposifiwa hakuthubutu kutia kitu.

Na kwa kuwa jioni ya Profesa ilikuwa imebaki tupu, somo la nyota lilihamia jioni. Siku ya kwanza jua lilizama nyuma ya minazi, ukungu ukaja kukaa miguuni mwa wanafunzi, na giza likashuka laini. Mize alikuwa macho kabisa, amekaa mstari wa mbele.

Profesa akainua fimbo. "Pale pana..." alianza, kisha akatazama juu, na fimbo ikashuka yenyewe. Alikuwa amefundisha habari za nyota maisha yake yote, na jioni zake zote alikuwa ameinamia mtungi.

"Kumbe ziko nyingi hivi," alisema.

"Kilimia kile pale, Mkuu," alisema Mize, akimwonyesha kwa kidole chake kidogo. "Upande wa kushoto kidogo. Hapo hapo."

Mimi nimewafikisha mpaka chini ya nyota, kulala mlale wenyewe, lakini hili mlifunge kwenye kanga: ukitaka kumpima mlevi, anza na kata iliyo mkononi mwako.