Baharini Hakuna Reli

Aliyetangulia kuondoka si lazima atangulie kufika, na wapo walioondoka mapema wasifike kabisa. Ndiyo maana wahenga walimwambia mwenye pupa kwa maneno mawili tu: kawia ufike. Bwana Masinde wa Buruburu aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini aliielewa baada ya kustaafu.

Masinde alikuwa mkuu wa stesheni ya reli. Maisha yake yote yaliendeshwa na saa, na kwake kuchelewa kulikuwa dhambi, ndugu mdogo wa wizi. Mkewe Asenath, muuguzi mstaafu, alizaliwa Bunyala kando ya Ziwa Viktoria, na babake alimfundisha kushika usukani wa mashua kabla hajajua kushika kalamu. Masinde naye alikuwa Mbukusu wa bara. Maji mengi aliyoyazoea ni ya kuoga.

Walipostaafu, Asenath alimwomba mumewe jambo moja: mashua ndogo ya tanga. Jirani yao Wanyoike alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee, wenzako wakistaafu hununua ng'ombe. Wewe unanunua kitu cha kukuzamisha!"

Masinde hakujali. Mashua waliiita Neema, wakaiweka Shimoni, pwani ya kusini. Kila walipopata nafasi walishuka kutoka Nairobi, wakazunguka visiwa vya karibu kwa siku mbili tatu, wakikaanga samaki na kuimba nyimbo za kanisani bila kumwogopa jirani. Ujana uliwarudia kama mgeni aliyesahau mwavuli. Masinde alijifunza kukunja tanga na kutupa nanga, na kila alipokaa kula alimshukuru Mungu kwa uzee mtamu namna ile.

Ikafika wiki ya posa ya binti yao wa pekee, Triza. Wazazi wa mchumba wake, Mumo, wangekuja na jamaa zao Buruburu Jumamosi kutoka Machakos. Asenath alipendekeza watulize akili baharini kwanza, kabla ya pilkapilka za wageni. Wakaenda. Alhamisi walitia nanga nyuma ya kisiwa kidogo kisicho na watu, wakikusudia kurudi Shimoni Ijumaa alfajiri na kupanda basi.

Ijumaa ilipambazuka vibaya. Upepo wa kusi ulivuma kwa hasira, mvua ikapiga, na mkondo ulio kati ya kisiwa na bara ukachemka kama sufuria ya maharagwe. Simu hazikushika mtandao.

"Twende," Masinde alisema, akivaa koti la mvua.

"Hatuendi, Baba Triza. Tazama maji yale."

"Wageni watakuja nyumbani wasinikute! Watasema nini? Maisha yangu yote sijawahi kuchelewesha gari moshi kwa sababu ya mvua."

"Kweli. Lakini gari moshi lilikuwa na reli. Hapa reli iko wapi?"

Masinde alikwenda mbele ya mashua akaanza kuivuta kamba ya nanga, mishipa ya shingo imemsimama. Asenath hakumkimbilia wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mume wangu, Triza anamhitaji baba. Usimpelekee habari za baba."

Mikono ya Masinde ililegea. Kamba ikateleza, nanga ikarudi chini. Alikaa akampa mkewe mgongo, na kutwa nzima hakusema neno ila "asante" alipopewa uji. Moyoni alimwona binti yake akisimama mlangoni, akiwaeleza wakwe jambo asilolijua mwenyewe. Aibu ilimla kama mchwa.

Jumamosi asubuhi bahari ilikuwa shwari, kana kwamba haikufanya lolote. Wakatweka tanga wakaondoka. Walipofika katikati ya mkondo, upepo mwanana tu ukiwasukuma, ulisikika mlio mkali. Waya ulioshikilia mlingoti, uliokuwa umeliwa na kutu ndani kwa ndani pasipoonekana, ulikatika. Mlingoti ukaanguka na tanga lake, ukampita Masinde begani, ukatumbukia majini.

Neema iliyumba kidogo, ikatulia. Mume na mke wakatazamana, kila mmoja akiyaona mawimbi ya jana machoni mwa mwenzake.

"Jana..." Masinde alianza.

"Shika kasia, Baba Triza," Asenath alimwambia. "Maji yametulia. Tutafika."

Wakauvuta mlingoti ubavuni, wakaufunga kwa kamba, wakapiga makasia hadi viganja vikachubuka. Karibu na Shimoni simu ikaita. Alikuwa Triza, akilia.

"Baba! Mko hai?"

"Tuko hai, mama. Waombe wageni wetu radhi. Tunakuja, ila tutachelewa." Neno hilo la mwisho hakuwahi kulitamka maishani bila uchungu, lakini siku hiyo lilimtoka kama wimbo.

Walifika Buruburu Jumapili asubuhi, nguo zimekauka chumvi. Masinde alijiandaa kukuta nyumba tupu. Badala yake alikuta viatu vya wageni vimejaa mlangoni. Wakwe walikuwa wamelala pale pale, wengine kwenye makochi, wengine kwa Wanyoike, aliyewapokea bila kuombwa. Triza alimkumbatia babake asimwachie.

Baba Mumo aliinuka. "Mkwe wangu, tungerudije? Binti haombwi kwa kiti kitupu. Tulisema, acha tungoje."

Masinde alivua kofia. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha. "Ndugu zangu, niwieni radhi. Mimi nilitaka kuwahi. Mama huyu akanizuia. Kama ningeshika langu, leo mngekuwa hapa kwa matanga, wala si ya mashua. Kabla hatujasema lolote, naomba tumshukuru Mungu kwa kuchelewa kwangu."

Wakasimama wote wakaomba, Wanyoike akiitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha chai ikaandaliwa, mazungumzo yakaanza, na kufikia adhuhuri Triza na Mumo walikuwa wamepata baraka za pande zote mbili. Masinde alimmiminia mkewe chai kwa mkono wake uliochubuka, mbele ya wakwe wote, akamwinamia na kumnong'oneza: "Mama Triza, sasa nimeelewa. Kawia ufike."