Fundi Sudi na Kiti cha Kwapani

Habari za kiti, muulize aliyesimama. Nimewaona mkicheka shangazi yenu alipoyasema hayo, na sasa mnaniuliza nani aliyatunga. Hayakutungwa, wanangu. Yalimtoka mtu baada ya kuaibika, na chanzo chake ni hiki.

Huko Urambo alikuwepo seremala aliyeitwa Sudi Kasanda. Marehemu baba yake alimwachia mbao za mninga, shehena moja tu, na nyingine asingeipata. Sudi akabuni kiti cha kukunja, chepesi, juu kina ngozi ya mbuzi, unakibeba kwapani. Kilimpendeza mno. Lakini mbao zikishakatwa vipande vifupi hazirudi kuwa kitanda wala mlango. Akikosea, karakana inafungwa, naye anakwenda kulima tumbaku ya shemeji yake. Kwa hiyo akaona kwanza awaulize watu kama watakitaka. Hapo alitumia akili, msimcheke.

Siku saba akazunguka nyumba za watu. Desturi yetu mnaijua: mgeni hajamaliza kupiga hodi, keshaambiwa karibu kiti. Mwalimu akamkalisha kwenye kochi. Mwenye duka akamsogezea stuli. Sheikh akamtandikia jamvi. Sudi akaketi, akanywa kahawa, akakikunjua kiti chake, na kila mmoja akamwambia lile lile: kizuri, fundi, lakini cha nini?

Akarudi nyumbani amenyong'onyea. Akamwambia mkewe, Mwamvua, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, kwamba kesho mbao zinauzwa.

"Hao uliowauliza," Mwamvua akasema, "walikuwa wamekaa au wamesimama?"

"Wamekaa. Na mimi nimekaa. Ulitaka tuongee wima kama milingoti?"

"Basi mbao zingoje. Kesho nisindikize kliniki, na hicho kiti ukichukue."

Kule kliniki mabenchi yalikuwa yamejaa tangu asubuhi, na foleni imetoka hadi uani. Mwamvua akakikunjua kiti, akakaa. Foleni ikisogea, anakiokota kwa vidole viwili, anasogea nacho, anakaa tena. Nyuma yake alisimama Bibi Nyamizi, mwenye magoti mabovu. Mwamvua akampisha. Bibi akakaa, akashusha pumzi, akafumba macho.

"Sinyanyuki," akasema. "Daktari akinitaka, anifuate hapa."

Wanawake wakaangua kicheko, kisha wakamzunguka Sudi, watoto mgongoni. Unavitengenezea wapi, fundi? Kipo kingine? Chepesi hivi, na mimi kitanihimili?

Ilikuwa siku ya kufurahi, lakini Sudi alikuwa akimtazama mkewe, aliyeegemea ukuta, mkono kiunoni.

"Kila ukija unasimama hivi?"

"Kila nikija."

"Mbona hukuniambia?"

"Siku saba umepiga hodi nyumba za watu, mume wangu. Ya kwako uliipita."

Sudi akaghairi kuuza. Kesho yake akazikata zile mbao zote kuwa viti, na havikukaa karakanani. Watu wakaja kumsifu, wakamwuliza alijuaje kwamba vitatakiwa, wakati wao wenyewe walimwambia havina kazi. Wengine walingoja ajigambe. Sudi hakujigamba hata siku moja. Alikuwa akiinamisha uso na kuwajibu, kama mtu anayekiri kosa: "Habari za kiti, muulize aliyesimama."