Kiboko Aliyekalia Mlango wa Maji

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa bwawa!"
"Bwawa la nani?"
"La kila mwenye kiu, ila kalikalia mmoja!"
"Mtaje!"

Nitamtaja, niacheni nipumue kwanza, maana nikimkumbuka damu inanichemka. Alikuwa Kiboko. Pale maji ya bwawa yanapotokea kwenda mtoni, ndipo alipoliweka tumbo lake, puu! Akaziba. Alikaa ujanani, akakaa uzeeni, meno yakamng'oka amekaa. Maji yakasimama, yakawa kijani, yakanuka. Na watu wa bondeni mto ukawakaukia.

Kiongozi wa ngoma pale bwawani alikuwa Bi Chura. Kila msimu aliamrishwa wimbo ule ule: "Kaa, Mzee, kaa! Kaa, Mzee, kaa!" Akijaribu kubadilisha hata kibwagizo, Kiboko huguna, "Mm-mm! Umeharibu. Rudia ule wa zamani." Anarudia. Huku anaimba, huku viluwiluwi wake, wanawe wa kuwazaa mwenyewe, wanaelea matumbo juu.

"Wanangu wanakufa, nami namwimbia anayewaua!" alisema Bi Chura. "Maisha gani haya?"

Kutoka bondeni alikuja balozi, Korongo, na zawadi ya matikiti. "Mzee, tunakuomba utufungulie maji." Kiboko akala, kacha kacha kacha. "Tutaliangalia." Msimu uliofuata Korongo akaja tena na matikiti. Kacha kacha kacha. "Tutaliangalia." Hayo ndiyo mazungumzo yao, miaka nenda miaka rudi!

Safari hii Bi Chura alimdaka Korongo njiani.

"Balozi, kwenu mcheza ngoma hutuzwaje?"

"Si kama kwenu? Anatuzwa akiwa uwanjani anacheza. Aliyekaa hatuzwi."

"Basi leo usimpe zawadi. Mtuze."

Ngoma ikalia, ndu! ndu! ndu! Korongo akasimama kwa mbali, ameshika tikiti lake.

"Lete hapa mdomoni," akasema Kiboko.

"Aa, Mzee!" Bi Chura akasema. "Ukila umekaa, hiyo ni sadaka ya maskini. Tuzo unaichezea."

Maskini, yeye? Kiboko akafura. Akainua tako moja. Chururu, maji yakapenya. Bi Chura akapaza wimbo mpya, wa kwanza tangu usichana wake: "Tikisa, Mzee, tikisa! Sogea, Mzee, sogea!"

Akasogea. Kacha! Korongo akarudi nyuma. Akasogea. Kacha! Korongo akarudi nyuma. Akasogea tena, kiuno kimemkolea, na nyuma yake, gubwii! Maji yakabomoa tope lote.

"Mahali pangu!" Kiboko akapiga kelele, akakimbilia mlangoni. Mkondo ukambeba, gudu gudu gudu, ukamtupa mchangani huko bondeni, mbele ya wale wale aliowanyima maji.

Viluwiluwi waliobaki wakatikisa mikia. Bi Chura akalia kwa furaha, kisha akawakumbuka waliokwisha kufa, akalia kwa hasira.

Sasa sikieni aibu hii. Hata maji hayajatulia, wanyama wakamzunguka. "Bi Chura, mkombozi wetu! Keti hapa mlangoni, utulindie maji." Ngoma ikalia, ndu! ndu! ndu! "Kaa, Bibi, kaa! Kaa, Bibi, kaa!" Wimbo ule ule! Haya hawana hata kidogo!

Bi Chura akaketi. Jiwe la pale mlangoni lilikuwa la baridi, limemtosha vizuri. Akausikiliza wimbo, ukampendeza. Hapo ndipo alipoogopa. Akawatazama wanawe.

"Mshindwe na mlegee!" akasema, akaruka. Tangu siku hiyo chura hatulii mahali. Msogelee tu, pwata! Karuka.

Ngano yangu imekwenda na maji, mwenye kiu akinge. Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: ukipata pa kukaa, kaa. Usiinuke hata kwa tikiti. Si mmeona yaliyompata Kiboko, mzee wa watu, kwa kucheza siku moja tu?

Mnacheka nini? Na mbona bado mmekaa?