Mlango wa Mninga na Deni la Umeme

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, nguzo za umeme zilipokuwa bado zinanuka dawa ya mchwa, mwanamke mmoja jina lake Nyamizi alikuwa anageuza mayai.

Mayai yalikuwa ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga. Trei ya juu ilikuwa ya mayai machanga, na hayo hugeuzwa asubuhi, mchana na jioni. Trei ya chini ilikuwa ya mayai yaliyokaribia kuanguliwa, na hayo hayaguswi, husubiriwa. Hayakuwa yake. Yalikuwa ya watu wa mji: huyu kaleta ya kuku wake, yule kaleta ya kanga, kila mmoja kaweka alama yake ya mkaa. Kwa ujira wa kutotoa, Nyamizi, ambaye alikuwa mjane, aliwalisha watoto wake wawili, Limbu na Mhoja.

Alikuwa amefika katikati ya trei mtu akabisha.

"Hodi!"

"Karibu. Rudisha mlango, joto linatoka."

Aliyeingia ni Shomari, msoma mita wa kampuni ya umeme. Begani alikuwa na ngazi.

"Mama Limbu, leo sikuja kusoma. Nimekuja kukata."

"Ukate nini?"

"Umeme."

"Bili zangu zote nimelipa, Shomari. Sijawahi kulala na bili."

"Umelipa bili ndogo. Kubwa alikuwa analipa mwingine. Ofisini wamegundua walipokagua mita."

Nyamizi hakukaa chini. Alimaliza kugeuza mayai yaliyobaki, akafunga mashine, akafuta mikono. Kisha akasema, "Haya, nieleze polepole, maana mimi nina kichwa kimoja."

Kosa lilikuwa hivi. Mji ule ulikuwa kando ya reli, kule Unyamwezi, na vibandiko vya namba kwenye mita vilibabuka kwa jua. Kampuni ikaona ipake namba za wateja kwenye milango, kwa rangi nyekundu. Msoma mita akifika, anaangalia namba mlangoni, anasoma mita, anaandika.

Lakini katika mji ule milango huhama. Mlango wa mninga huishi kuliko nyumba. Mtu akijenga upya huuza mlango wa zamani, na anayeununua haukwangui wala haupaki rangi mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Wanasema anayeukwangua mapema anakwangua heri ya wote walioupitia.

Sasa Mzee Kitwana, wa mtaa wa pili, aliweka mlango wa chuma. Ule wa mninga akamuuzia Nyamizi kwa majogoo, akamwambia, "Mwanangu, usiukwangue." Nyamizi hakuukwangua. Mlango ukahama, na namba ya Mzee Kitwana ikahama nao. Mlango wa zamani wa Nyamizi, wenye namba yake, ukawa paa la banda la kuku.

Shomari alikuwa mgeni. Alikotoka, milango haihami. Akafika kwa Nyamizi, akaona namba, akasoma mita, akaandika. Akapita kwa Mzee Kitwana, akaona chuma tupu, akapita. Namba ya Nyamizi hakuiona kwenye mlango wowote, ofisi ikamwandikia kwa makadirio, bili ya nyumba yenye taa moja.

Mashine ikatotoa kwa Nyamizi, bili ikaenda kwa Mzee Kitwana. Mwezi huu hivyo, mwezi ujao hivyo, misimu miwili ya mvua ikapita.

"Na sasa?" Nyamizi akauliza.

"Sasa fedha alizolipa Mzee Kitwana kwa umeme wako ni za kurudishwa, na wewe unahesabiwa hujalipa; malimbikizo ni makubwa. Meneja amesema kosa limepita mikono mitatu: mkono wako, mkono wa Mzee Kitwana, na mkono wangu. Hataki kesi. Anataka jina moja la kubeba deni. Likiwa lako, utalilipa kila mwezi juu ya bili yako ya kweli. Likiwa la Mzee Kitwana, fedha alizozidishiwa hazirudishwi. Likiwa langu, linakatwa kwenye mshahara. Jina lisipopatikana leo kabla sijaondoka mtaa huu, nikate."

Nyamizi akatazama trei ya chini.

"Limbu! Kimbia kamwite Mzee Kitwana. Mwambie ni kuhusu mlango. Usimwambie ni kuhusu deni, hatakuja."

Mzee Kitwana akaja, akakung'uta vumbi magotini, akaketi. Akaelezwa yote tangu mwanzo. Akacheka kicheko kikavu.

"Kumbe! Mimi nilichomoa balbu zote nikaacha moja. Nikauza redio. Bili inakuja ile ile. Mke wangu akasema, 'Mume wangu, huenda umeme unavuja, weka ndoo.' Tukaweka ndoo, wallahi!"

Mhoja akacheka. Mama yake akamtazama, akaacha.

"Basi sikilizeni," Mzee Kitwana akasema. "Deni hili si langu. Niliuza ubao, sikuuza namba. Umeme sikuutumia, na nimeshaulipia mara moja. Mwaka mzima na zaidi nimekula gizani kama popo. Nani amewahi kuona mtu akilipa kwa ajili ya giza?"

"Lakini ni wewe uliyesema usikwanguliwe," Shomari akasema.

"Nilisema ya wazee wangu. Wewe kijana ulifuata ya nani?"

"Nilifuata ya kampuni," Shomari akajibu. "Na deni hili si langu. Nilifundishwa: soma namba ya mlangoni, usiulize jina, usigombane na mteja. Aliyekuwa kabla yangu alifukuzwa kwa kuuliza maswali mlangoni. Namba ilikuwa mlangoni, nikaisoma. Ningejuaje kwamba milango yenu ina miguu?"

"Ungeuliza kwa nini mzee mwenye taa moja analipa kama kiwanda," Nyamizi akasema.

"Na wewe, Mama Limbu, hukujiuliza kwa nini kiwanda kinalipa kama mzee mwenye taa moja?"

Hapo Nyamizi akavuta kigoda, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nilijiuliza. Nilikwenda mpaka ofisini, nikapanga foleni na mtoto mgongoni. Karani akaniambia, 'Mama, lipa ulichoandikiwa.' Nikalipa nilichoandikiwa. Sikurudi tena, hilo ni kweli. Nani anarudi kuomba aongezewe bili? Lakini deni hili si langu. Ujira wangu niliupanga kwa bili niliyopewa. Bili ndogo, ujira mdogo. Mji mzima umetotolewa vifaranga kwa bei nafuu. Leo mnaniambia umeme ulikuwa ghali. Nimfuate nani anilipe nyongeza? Vifaranga vile vilishakuwa mchuzi. Nikagonge milango niwaambie watu mchuzi wa mwaka jana umepanda bei?"

Aliyesema ubao, kasema kweli. Aliyesema namba, kasema kweli. Aliyesema mchuzi, kasema kweli. Deni limebaki pale pale, na ngazi imeegemea ukuta.

"Si uweke jiko la mkaa karibu na mashine?" Mzee Kitwana akasema.

"Jiko la mkaa linachemsha mayai, baba. Halitotoi."

Hapo wakasikia sauti. Ilikuwa ndogo, kama kidole kinachokwaruza kibuyu. Ikaja ya pili. Kwenye trei ya chini, kifaranga mmoja alikuwa analia ndani ya yai lake, na mwingine akamjibu.

"Wameanza," Nyamizi akasema. "Wakipata baridi sasa, watafia humo humo. Na mayai ni ya watu."

Shomari akaiangalia ngazi yake. Hakuishika.

Mzee Kitwana akakohoa. "Andika mimi. Fedha yangu waichukue. Giza nimeshalizoea."

"Hapana," Nyamizi akasema. "Kesho nitapita sokoni watu waseme vifaranga vyangu vimetotolewa kwa giza la mzee. Usemi huo utadumu kuliko deni. Andika mimi."

"Mama Limbu, ukilipa deni na bili ya kweli, utauza mashine," Shomari akasema. "Ukiuza mashine, deni utalilipa kwa nini? Tutakata umeme mwezi ujao badala ya leo. Andikeni mimi. Mimi ndiye niliyeandika kosa kwa mkono wangu."

"Wewe una mshahara gani?" Mzee Kitwana akamwuliza. "Mwezi uliopita mama mwenye nyumba wako alikutolea virago nje. Mtaa mzima tuliona, mpaka godoro."

"Alivirudisha ndani."

"Alivirudisha kwa sababu mvua ilianza."

Aliyekuwa akikataa deni sasa analiomba, na wenzake wanamnyima. Kwanza kila mmoja alisukuma kwa mwenzake. Sasa kila mmoja anavuta kwake. Jina bado halijapatikana, na jua limeshafika kwenye paa za stesheni.

Nyamizi akainuka. Watoto hawali maneno. Akabandika maji, akasonga ugali, akapasha moto nsansa, mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga. Mzee Kitwana akataka kuaga.

"Unakwenda wapi, baba, chakula kikiwa jikoni? Kaa."

Shomari naye akajisogeza mlangoni.

"Na wewe kaa. Hukati umeme wa nyumba ulimokula, na hukati kabla hujala. Nawa mikono."

Taa ikawashwa. Mzee Kitwana akaitazama kidogo, akashusha macho. Ugali ukawekwa katikati. Nyamizi akahesabu kama anavyohesabu kila jioni: Limbu yupo. Mhoja yupo. Mzee Kitwana yupo. Shomari yupo. Na yeye mwenyewe yupo. Ndani ya mashine wanaolia walikuwa wengi sasa, hao hakuwahesabu.

"Bismillahi," Mzee Kitwana akasema, wakaanza kula. Hakuna aliyeharakisha tonge, kwa kuwa sahani ikiisha lazima jina litajwe.

Nanyi mliosikiliza, msinijibu kwa huruma, nijibuni kwa haki. Yuko aliyelipa umeme asioutumia, lakini ndiye aliyesema mlango usikwanguliwe. Yuko aliyetumia umeme asioulipia, lakini aliuliza akaambiwa alipe alichoandikiwa. Na yuko aliyeandika kosa, lakini aliandika kama alivyofundishwa. Sahani inakaribia kuisha. Je, ni nani kati yao anayestahili kulibeba deni hili?