Digidigi na Wageni Waliowahi Sikukuu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakibishiana hodi na kupikiana uji, palikuwa na jangwa kubwa la mchanga na mawe meusi. Katikati yake, penye kisima kimoja na mikoma michache, aliishi Bi Digidigi na majirani zake wadogo: Pimbi mpiga ngoma, Bibi Kobe na wengineo.

Msidhani jangwani hakuna raha. Raha ipo, ila kila raha ina majira yake. Kipupwe, upepo wa baridi ukivuma, ngamia hufanya Sikukuu ya Chumvi huko Bonde Jeupe. Masika, mbuni hucheza ngoma ya majani mapya. Na kiangazi, makoma, yale matunda ya mikoma, yakiiva mitini, wadogo wa kisimani hufanya Sikukuu ya Makoma. Bi Digidigi aliyajua majira hayo yote, na ziara zake alizipanga mapema: aende wapi kwanza, afuatane na nani, abebe zawadi gani.

Lakini Mzee Faru na Bwana Fisi, walafi wa jangwa lile, hawakupanga kitu. Wao wakisikia ngoma tu, hao!

Kiangazi kilichopita walifika kisimani bila kualikwa. Bwana Fisi alikula uji, akala na mwiko. Mzee Faru akasema ana joto, akajitumbukiza kisimani, chubwii! Maji yakawa tope. Watoto wa Bi Digidigi walilala na kiu, na Bibi Kobe aliugua tumbo mpaka mvua zikanyesha.

Sasa makoma yalikuwa yameanza tena kunukia.

"Mwaka huu tusipige ngoma," Pimbi alisema kwa unyonge. "Tule kimyakimya."

"Kama wezi? Kwenye kisima chetu wenyewe?" Bi Digidigi akaruka. "Thubutu! Mwaka huu binti yangu ndiye anayefungua ngoma. Niachieni mimi."

Asubuhi alijitanda mtandio wake mzuri, akashika njia, ti ti ti ti, hadi nyumbani kwa Mzee Faru. Moyo ulimdunda kweli, maana Faru akikasirika haangalii anakanyaga nani. Alimkuta amekaa na Bwana Fisi, wanapiga miayo.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Faru. Bwana Fisi, habari za hapa?"

"Marahaba. Enhe, ngoma yenu lini?" akauliza Faru.

"Aa, mzee wangu, ile yetu ni ngoma ya kitoto. Mimi nilidhani watu wakubwa kama nyinyi mnajiandaa na Sikukuu ya Chumvi!"

"Sikukuu gani?" Fisi masikio yakasimama wima.

"Hamuijui? Ya ngamia, Bonde Jeupe! Maziwa yanajaa mitungi mpaka yanamwagika. Nyama zinachomwa tangu alfajiri. Na anayefika wa kwanza hukalishwa kwenye zulia, akapakuliwa kabla ya wote."

Hapo, wanangu, hakusema uongo. Yote hayo yalikuwa ya kweli.

Fisi akameza mate, gudu! Kisha akakunja uso. "Mbona wewe huendi?"

"Mimi na vimiguu hivi? Nani atanipa zulia mimi?"

"Na mkubwa wetu Simba anajua?" akauliza Faru kwa sauti ya chini.

"Simba akiwahi, zulia ni lake. Kwa hiyo msimwulize mtu. Nendeni tu. Na mkikuta bado hakuna watu, msirudi. Mjue mmewahi."

Hata kwaheri hawakusema. Tifu tifu tifu! Vumbi likapanda, wakatokomea jangwani.

Bi Digidigi akarudi kwake mbio. Na jioni ile ngoma ililia, wanangu! Ti-ki-ndi, ti-ki-ndi! Binti yake alifungua mchezo kwa madaha mpaka vigelegele vikavuka vilima. Wadogo walikula makoma, wakanywa uji wa asali, na kila mtoto akachota maji safi kisimani. Bibi Kobe naye alicheza. Alipomaliza kugeuka mara moja, wimbo ulikuwa umekwisha, lakini alicheza!

Sikukuu ilikuwa imepita na vyungu vimeshaoshwa, Bi Digidigi alipoona vivuli viwili vikijikokota. Faru ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima. Fisi midomo imepasuka, ulimi nje.

"Wewe!" Fisi akafoka. "Umetudanganya! Bonde Jeupe hakuna hata nzi! Chumvi tupu, na jua, na upepo wa moto, vuuu!"

"Tulikaa tunangoja," Faru akalalamika. "Kila nikitaka kurudi, huyu ananiambia, 'Ngoja, mzee, zulia!'"

"Poleni sana," alisema Bi Digidigi. "Lakini si niliwaambia mtakuwa mmewahi? Sikukuu ya Chumvi ni ya kipupwe. Hamkuniuliza ni ya majira gani."

"Kipupwe!" Faru akakaa chini, pu!

"Leo nakutafuna," alisema Fisi, akasogea.

"Nitafune. Ila kwanza twende kwa Simba mkanishitaki. Mumweleze mlikwenda wapi kwa siri, mkamkimbia yeye ili mlikalie zulia."

Fisi akasimama palepale. Akamtazama Faru. Faru akatazama kwato zake.

"Kelele za nini hizo?" sauti nzito ikanguruma nyuma ya mawe. Simba mwenyewe! Alikuwa amekuja kunywa maji.

"Si kitu, Mheshimiwa!" Fisi akachekacheka. "Tunamshukuru Bi Digidigi. Alituelekeza mahali... pa kutembelea. Bonde Jeupe."

"Kuzuri?"

"Kuzuri mno!" Faru akadakia, jasho likimtoka. "Chakula, maziwa... hatukutaka kurudi!"

"Ndiyo maana mmechoka hivyo kwa kula," alisema Simba, macho yakimng'aa. "Basi inukeni. Nitangulieni sasa hivi, nami nikaonje."

"Sasa hivi, Mheshimiwa? Na jua hili?"

"Nimesema inukeni!"

Wakainuka. Bi Digidigi hakuwa na roho mbaya. Aliwajazia kibuyu cha maji ya njiani, akawakabidhi kwa mikono miwili. Faru alikipokea bila kumtazama usoni. Kisha wakaondoka, Simba nyuma yao akijilamba midomo, mpaka wakawa vidoa vitatu kwenye mchanga.

Wanangu, kila sikukuu ina majira yake, na mlafi hata akiwahi hukosa.