Chungu cha Nakijwa

Afungaye mto wote hufunga na chungu chake. Mmeisikia leo kwa mwenyekiti wa maji mkacheka, eti mto na chungu, wapi na wapi! Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu milimani Upare palikuwa na ndiva, bwawa la udongo la kumwagilia mashamba. Walioijenga waliacha tundu chini ya ukuta, na maji yaliyopita hapo hayakuwa ya mtu. Yaliitwa maji ya mto. Yalishuka bondeni mchana na usiku, hata mwaka wa njaa.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Mavura, babu wa babu yangu, mtu wa bidii na kichwa kigumu. Mwaka mmoja vuli haikunyesha, mahindi yakaanza kujikunja wakati wa kutoa mbelewele. Mavura akalitazama tundu lile, akasema, "Maji yanapotea bure." Akaliziba kwa udongo na vigogo vya migomba. Watu wakampigia vigelegele! Hakuna aliyeuliza neno, hata mmoja. Mpaka leo nikifikiria nashangaa.

Siku ya tisa Mavura alishuka bondeni kumwona binti yake Nakijwa, aliyekuwa amejifungua. Huko mama mwenye kichanga hunyweshwa mchuzi wa kambare ili maziwa yatoke.

Njiani hakusikia sauti ya maji. Alipofika kivukoni alisimama mdomo wazi. Mto haukuwapo! Kambare walikuwa wamelala matopeni kwa mamia, wachache bado wakitweta, na kando ya dimbwi lililokauka palikuwa na mzoga wa pongo aliyekuja kunywa. Mavura akaziba pua kwa shuka, akaenda karibu mbio.

Kwa Nakijwa chungu kilikuwa kimefudikizwa kando ya mafiga. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba.

"Mwanangu, mbona hujapikiwa?"

"Nipikiwe nini, baba? Samaki wamekufa wote. Maziwa yamekata tangu juzi."

"Mbona hamkuja kutuambia?"

"Tulidhani hata huko juu mto umekauka. Tukawa tunawahurumia."

Mavura akakaa chini. "Ni mimi, mwanangu. Nimeuziba kwa mikono hii."

Nakijwa aliinua chungu, akampa. "Kichukue, baba. Hapa hakina kazi tena."

Mavura akaupanda mlima bila kupumzika. Alilifukua tundu kwa mikono huku majirani wakipiga mayowe, "Mahindi yetu! Una wazimu?" Akakitoboa chungu kitako, akakijengea ndani ya tundu, mdomo ukitazama bondeni.

"Anayetaka kuufunga mto," akasema, "azibe chungu cha mwanangu, nami nikiona."

Hakuna aliyethubutu. Mtoto aliponea kwa maziwa ya mbuzi. Lakini kambare hawakurudi mpaka masika ya pili, na muda wote huo Nakijwa hakupanda kumwona baba yake.

Chungu bado kipo ukutani, kesho nitawapeleka mkakione. Sasa chekeni tena, kama mnaweza: afungaye mto wote hufunga na chungu chake.